Kijana wa Kaptembwo, Nakuru, aamkie foleni ya kura kwa sababu gani?

Msimu wa siasa ukikaribia, wawaniaji wetu huja na dawa ileile: tisheti, muziki juu ya lori na mia mbili kwa kila aliyesimama karibu. Kura zikiisha kuhesabiwa, lawama ni kwamba vijana hawajali.

Ukitazama takwimu za Kenya za 2022 pekee, utakubaliana na walalamikaji. Sajili ya tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa na wapiga kura 22,120,458, kutoka kama milioni 19.6 mwaka 2017, lakini vijana wa miaka 18 hadi 34 walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 na kubaki karibu asilimia 40 ya sajili. Usajili wa Oktoba 2021 ulilenga watu milioni 6, wakajitokeza kama milioni 1.5. Kisha ikaja Juni 2024. Vijana haohao waliosemekana kulala walijaa barabarani Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kakamega, na hakuna mwanasiasa aliyewakodishia matatu.

Walitolewa na nambari. Mswada wa Fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mtu wa Kondele, Kisumu, aliweza kufungua mswada kwenye simu, akaona kifungu, akapiga hesabu ya mkate wake wa asubuhi. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa Juni 18, lakini vijana walikuwa wameshazoea kusoma vifungu na hawakurudi nyumbani. Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais akatangaza kwamba hatatia saini. Anayetaka kura ya umri huu aanzie hapo: ampe kijana kitu anachoweza kukikagua mwenyewe bila kumpigia mtu simu.

Kwa maoni yangu mahali rahisi pa kufanya hivyo ni wadi, si Ikulu. Nakuru ina wadi 55, Kisumu 35. Kwa kanuni za 2022, kituo kimoja cha kupigia kura hakikuzidi watu 700. Chukua wadi ya vituo 22: ni watu 15,400 kwa wingi. Wakijitokeza asilimia 65, kama ilivyokuwa nchini 2022, zinapigwa kura 10,000 hivi. Wagawane wawaniaji tisa, na mtu anaweza kuwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kwa kura 3,000. Gawanya kwa vituo 22, utapata kama kura 136 kwa kila kituo. Hao ni watu wa stegi mbili tatu za boda na ploti chache za kupanga. Kijana akionyeshwa hesabu hii kwenye karatasi, kura yake inakuwa na uzito anaouona. Akiambiwa "kura yako ni sauti yako", anarudi kwenye simu yake.

Mambo huharibika mapema sana, kwenye usajili. Kosa la kwanza ni mahali. Mwanafunzi wa Egerton husajiliwa Njoro muhula ukiwa umekolea, kwa sababu makarani wamekuja chuoni na foleni ni fupi. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, safari hii Agosti 10, 2027, na chuo kikiwa kimefungwa yeye yuko kwao Bungoma au Homa Bay. Nauli ya kwenda na kurudi kwa kura moja hailipi, hivyo anabaki nyumbani na kuhesabiwa miongoni mwa wasiojali. Kabla ya kumpeleka mtu kwa karani, muulize atalala wapi usiku wa Agosti 9. Jibu lake ndilo eneo la kujisajili.

Aliyesajiliwa kwingine asijisajili upya. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Anachohitaji ni kuhamisha kura: aende mwenyewe kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge anakohamia, na kitambulisho chake halisi au pasipoti halali. Karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliki, na hapa ndipo wengi wa miaka 18 na 19 hukwama. Kikundi chenye akili huanza na kitambulisho miezi mingi mbele, kikiwakumbusha vijana kubeba cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, kisha ndipo kizungumzie kura.

Kosa la pili ni kungoja Agosti. Kwenye ngome za vyama, na kuanzia ziwani hadi Bonde la Ufa tunazijua, kiti huamuliwa kwenye mchujo. Linet Chepkorir, aliyechaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Bomet, alikuwa na miaka 24 mwaka 2022, na mlango wake ulifunguka Aprili kwenye mchujo wa chama cha UDA. Uchaguzi wa Agosti ulikuwa karibu kukamilisha tu. Kisumu, ambako tiketi ya chama cha ODM kwa miaka mingi ilitosha, hesabu imebadilika tangu kiongozi wake Raila Odinga afariki Oktoba 15, 2025. Kijana wa Manyatta hana tena jina moja la kufuata au kulikataa, na hilo linampa mwaniaji mdogo nafasi ambayo baba zake hawakuwa nayo.

Anayeona mchujo umeoza anaweza kuwa mgombea huru. Kwa kiti cha MCA, Katiba inataka aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na yeye mwenyewe asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Saini huangushwa na jambo moja: waliotia saini hukutwa ni wanachama wa vyama, wengine bila wao kujua. Kila mmoja akague jina lake kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwanza, na ukusanye saini 700 ili nyingine zikikatwa zibaki 500.

Kisha bajeti. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni huitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati mtu wa mjengo yuko juu ya jukwaa na mtu wa boda yuko barabarani. Wanaojaza viti ni wazee na watu wa mheshimiwa. Maandishi hupokelewa pia, kwa hiyo andikeni ukurasa mmoja: mtaro upi, kutoka wapi hadi wapi, kiasi gani kilitengwa mwaka jana, nini hakijajengwa. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Ile yenye muhuri ipigwe picha na iwekwe kwenye grupu la WhatsApp la stegi, na mwaniaji wa kwanza atakayekuja na lori la muziki aulizwe juu yake kabla hajashuka.