Jioni Niliyofunguliwa Kamusi ya Ozhegov

Katika majira ya baridi ya mwaka 1988 nilikuwa mwanafunzi wa isimu mjini Leningrad, mji ambao leo umerudishiwa jina lake la Sankt-Peterburg, na kama wanafunzi wengi wa kigeni nilikuwa siendi darasani bila kamusi ya Ozhegov. Ni kamusi ya Kirusi kwa Kirusi, ya juzuu moja nene, ambayo katika matoleo ya miaka ile ilikuwa na maneno yapatayo 57,000. Nilikuwa nimetoka Tanzania na nakala ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ndani ya sanduku, na nilikiona kitabu hicho cha Warusi kuwa kielelezo cha kazi niliyotaka kuifanya maishani. Nilikitumia kama mtu anavyotumia maji ya bomba, bila kuuliza yamepita wapi kabla ya kumfikia.

Mwalimu wetu wa Kirusi alikuwa kijana wa kizazi kilichoanza kusema waziwazi chini ya sera mpya za Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti wakati huo. Alipojua kwamba nataka kuwa mtunga kamusi, aliniambia kuwa katika kisiwa cha Vasilievsky, jirani na nyumbani kwa mama yake, anaishi bibi mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu usichana wake. Hakuwa mtu maarufu. Kazi yake ilikuwa kunakili sentensi kutoka vitabuni na kuzitia kwenye kadi, kupanga kadi hizo kwa alfabeti, na baadaye kusahihisha prufu. Lakini watunga kamusi wa Leningrad na Moscow walikuwa wachache na walijuana, na mengi aliyoyasikia kwao aliyahifadhi. Tulikwenda kwake jioni moja ya Februari. Nilimwita kwa jina lake na la baba yake, kama heshima ya Kirusi inavyotaka, ingawa hapa silitaji kwa kuwa sikuwahi kumwomba ruhusa ya kuliandika. Yeye aliniita mwanangu tangu tulipokuwa mlangoni tunavua makoti.

Alitumiminia chai, akatuwekea jemu katika visahani vidogo, kisha akaweka mezani juzuu ya kwanza ya kamusi iliyohaririwa na Dmitry Ushakov, ya mwaka 1935, na toleo la kwanza la Ozhegov, la mwaka 1949. Nilitarajia aanze na herufi A. Alianza na maelezo ya uchapaji, yale yanayochapwa kwa herufi ndogo ambayo msomaji hayatazami. Akaweka kidole penye namba ya kibali cha Glavlit, idara ya udhibiti wa maandishi iliyoundwa mwaka 1922, ambayo bila idhini yake hakikuchapwa kitabu, gazeti wala tangazo la ukutani. Katika vitabu vya miaka ya 1930, alisema, mwakilishi wa idara alitajwa kwa cheo chake. Baada ya vita ikabaki herufi moja na tarakimu kadhaa. Nilifungua kamusi yangu mwenyewe, niliyokuwa nayo mkobani, nikatazama. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeishika kila siku na macho yangu hayajapata kutua hapo.

Ndipo akaanza kutusimulia. Mwezi Januari 1920 Lenin alimwandikia Lunacharsky, kamishna wa elimu, kwamba kamusi kubwa ya Vladimir Dal, iliyotoka katika miaka ya 1860, ni kitu kizuri sana lakini imepitwa na wakati, na kwamba ingefaa itungwe kamusi ya Kirusi cha sasa, ya maneno yaliyotumika na waandishi kuanzia Pushkin hadi Gorky. Kazi ilianza, ikasimama, ikaanza tena, hadi Ushakov na wenzake walipotoa juzuu nne kati ya mwaka 1935 na 1940. Miongoni mwa wenzake hao alikuwamo Sergei Ivanovich Ozhegov, aliyezaliwa mwaka 1900 katika mkoa wa Tver, akasoma na kufundisha Leningrad, na mwaka 1936 akahamia Moscow.

Kitu ambacho sikukijua ni hali waliyofanyia kazi. Mwaka 1934 Viktor Vinogradov, mmoja wa watunzi wa kamusi hiyo, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Vyatka. Nikolai Durnovo, mtaalamu mkubwa wa lahaja na sarufi, alikamatwa katika kesi iliyoitwa ya wanaslavistiki, yaani wataalamu wa lugha za Kislavoni, akafungwa katika kambi ya visiwa vya Solovki, na mwaka 1937 akapigwa risasi. Juzuu ya kwanza ilipotoka, alijitokeza mhakiki aliyeishutumu kwa kukosa makali ya kisiasa na kwa kudhoofisha mapambano ya kitabaka, maneno ambayo katika miaka ile yalitosha kumfikisha mtu mahali pabaya. Bibi alituambia tukumbuke kwamba watu hao walikuwa wanaamua ni alama gani itangulie maana ya pili ya kitenzi, na kwamba walikuwa wakiamua hivyo huku hatua zozote za usiku kwenye ngazi zikiwafanya wasikilize zitasimama mlango gani.

Akanipa juzuu ya Ushakov, akaniambia nitafute neno lenye maana ya Mungu. Nililipata, nikasoma kwa sauti. Fasili yake ilisema kwamba, kwa mujibu wa imani za kidini, ni kiumbe mkuu ambaye eti yuko juu ya ulimwengu au anautawala. Mimi nilikulia Tanga, nikasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla sijaingia shule ya msingi, na nikisema kweli neno lile dogo la eti lilinichoma. Bibi aliona. Aliniuliza iwapo nadhani mtunzi aliliandika kwa kupenda. Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, lakini ajualo ni kwamba kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, kilibaki pamoja na maana zake na misemo ya watu, na pamoja na maneno mengi ya kanisani ambayo wapo waliotaka yafutwe kabisa, kwa hoja kwamba jamii mpya haiyahitaji. Watunzi waliyatilia alama ya kizamani au ya kikanisa, wakayaacha yaishi. Kwa maneno ya siasa waliweka nukuu za Lenin na Stalin, tena nyingi mno, na kwa namna hiyo wakapata nafasi ya kuweka Pushkin na Chekhov kwingineko.

Ushakov alifariki mwaka 1942 Tashkent, alikohamishiwa wakati wa vita. Ozhegov alibaki Moscow. Mdogo wake na mke wa mdogo wake walikufa katika mzingiro wa Leningrad, na mtoto wao wa kike akachukuliwa na Ozhegov akalelewa kama binti yake. Hapo bibi, ambaye naye alinusurika katika mzingiro huo, alipita haraka, nasi hatukumwuliza. Katika miaka hiyo hiyo Ozhegov alikuwa akiendeleza kamusi ya juzuu moja waliyoipanga na Ushakov kabla ya vita, kitabu ambacho mwalimu wa kijijini au fundi wa kiwandani angeweza kukimudu na kukiweka mezani. Kilitoka mwaka 1949 kikiwa na maneno 50,100, na msomi Sergei Obnorsky akiwa mhariri mkuu.

Kilipokelewa vizuri na wasomaji, lakini haukupita muda. Tarehe 11 Juni 1950 gazeti la idara ya propaganda ya Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti, lililoitwa Utamaduni na Maisha, lilichapisha makala yenye kichwa kilichosema kwamba hiyo ni kamusi isiyofanikiwa. Makala ya namna hiyo katika gazeti la namna hiyo ilisomwa kama amri. Wengi walikuwa wakijibu kwa kuandika barua ya toba. Ozhegov aliandika barua ya kujitetea, akaipeleka kwa mhariri wa gazeti hilo na nakala akaipeleka Pravda, gazeti kuu la chama. Bibi alilisimulia jambo hili kwa fahari ambayo hakuificha, na mimi nadhani alikuwa na haki, kwa sababu mtu yule alikuwa na familia, alikuwa amekwisha kuona wenzake wakichukuliwa, na bado alitetea kazi yake kwa hoja za kitaaluma. Siku tisa baadaye Stalin mwenyewe alitoa katika Pravda makala yake juu ya isimu, iliyoyaangusha mafundisho ya mwanaisimu Nikolai Marr yaliyokuwa yametawala taaluma hiyo kwa miaka mingi, na kwa muda macho ya wakubwa yakageukia huko. Toleo la pili la kamusi lilitoka mwaka 1952, limesahihishwa na kuongezwa.

Kulikuwa pia na mambo madogo yaliyohusu mpangilio tu wa maneno. Watu wa kazi hiyo, alisema, husimulia kwamba iligunduliwa kuwa katika alfabeti ya Kirusi neno lenye maana ya mvivu linafuatwa papo hapo na neno lenye maana ya mfuasi wa Lenin. Hakuna aliyekosea, herufi ndizo zilizoyakutanisha. Hata hivyo jambo hilo halikuweza kuachwa, na dawa iliyopatikana ilikuwa kuingiza katikati neno lenye maana ya mkaazi wa Leningrad, ingawa majina ya wakaazi wa miji mingine hayakuwa na nafasi katika kamusi. Mwalimu wangu alicheka. Bibi hakucheka. Alimwambia kwamba waliokaa kuzunguka meza wakitafuta neno hilo hawakuwa wakicheza, kwa kuwa kosa la aina hiyo lingeweza kuitwa uhujumu, na kwamba aliyelipata aliwaokoa wenzake bila kudanganya, kwani wakaazi wa Leningrad wapo kweli na yeye mmoja wao.

Nilimwuliza kama kufuta hakukuwahi kuwa na sababu njema. Swali hili alilikalia kwa muda, kisha akatutajia kamusi ya Dal, iliyochapwa upya mwaka 1955. Kidahizo cha tusi wanaloitwa nalo Wayahudi kiliondolewa, na mistari ya ukurasa ule ikatanuliwa ili pengo lisionekane. Alisema kwamba yeye mwenyewe ni Myahudi, na ameitwa hivyo mitaani zaidi ya mara moja, na bado angependa neno hilo libaki kamusini likiwa na alama inayoonyesha kuwa ni tusi, kuliko kuondolewa kimyakimya, kwa sababu mtaani halikuondolewa. Katika yote niliyoyasikia jioni ile, hili ndilo lililonibadilisha zaidi. Hadi hapo nilikuwa nikiona udhibiti kuwa ni kalamu nyekundu ya adui wa lugha. Sikuwa nimefikiri kwamba hata mkono unaodai kumlinda mtu huweza kumnyang'anya ushahidi wake.

Chai ilikuwa imepoa. Kwa Ozhegov alimalizia na mwaka 1964. Tangu mwaka 1958 kulikuwa na huduma ya simu, iliyoanzishwa kwa juhudi zake katika Taasisi ya Lugha ya Kirusi, ambako mtu yeyote aliweza kupiga na kuuliza neno fulani linaandikwaje au linatamkwaje. Kwa hiyo alijua watu wanasema nini na wanataka nini. Mwezi Machi 1964, akiwa tayari mgonjwa, aliliandikia shirika la uchapishaji kwamba haoni tena maana ya kuendelea kuchapa kamusi yake bila mabadiliko, kwamba yapo maneno mapya na maana mpya ambazo ni lazima ziingie, na kwamba ni wajibu wake kuitengeneza upya. Alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Kazi hiyo ikachukuliwa na Natalia Shvedova, na toleo la tisa, la mwaka 1972, likatoka chini ya uhariri wake. Ndilo lililozaa nakala niliyokuwa nayo mkobani.

Tulipotoka, mwalimu wangu alikuwa amekasirika. Njia nzima kuelekea kituo cha metro cha Vasileostrovskaya alishikilia kwamba Ozhegov na wenzake wangekataa, kwamba gazeti la uongo hutupwa ikifika jioni, lakini kamusi hukaa rafuni miaka hamsini. Mimi nilimwambia, na hadi leo nasema hivyo, kwamba kama wao wangekataa, kamusi ingetungwa vilevile, ila ingetungwa na yule mhakiki aliyewashitaki, na maneno ambayo wao waliyatilia alama ya kizamani yangekuwa hayamo hata kidogo. Nikamwambia pia kwamba fasili ya Mungu haikunidanganya, kwa kuwa neno lile la eti lilionekana wazi kuwa ni la mkono mwingine, na msomaji si mjinga.

Alisimama chini ya taa ya barabarani akaniuliza, vipi basi kuhusu maneno ambayo mkono huo haukuacha alama? Alinitaka nimtajie, katika maelfu ya maneno ya Kirusi niliyojifunza kutoka katika kitabu kile, ni yapi ambayo maana yake niliyoibeba kichwani ni ya watu na ni yapi ambayo ni ya ofisi. Sikuweza kumtajia hata moja kwa uhakika. Tukateremka ngazi za metro tukiwa bado tunabishana, na wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya bibi, nilirudi peke yangu kuilinganisha nakala yangu na ile ya mwaka 1949, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia herufi A.