Nilivyoacha kunyoosha farasi wa mpinzani

Kwenye ubao wa sataranji (chesi), farasi wangu wawili hutazamana kwa ndani, pua kuelekea mfalme na malkia. Wapo wanaowaelekeza mbele, wapo wanaowageuza wote upande mmoja. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, hazigusi uso wa farasi, kwa hiyo kila mtu na mazoea yake.

Shida ilikuwa mkono. Mpinzani akimtua farasi wake mshazari, mkono wangu ulikuwa unanyanyuka wenyewe kwenda kumnyoosha. Nikashauriwa: sema tu "j'adoube" (Kifaransa, yaani "nainyoosha kete"), gusa muda wowote. Ushauri huo ni mbovu kabisa! Anayeruhusiwa kunyoosha ni mwenye zamu peke yake, na atamke kabla ya kugusa. Ukigusa kwanza ndipo useme, umeshachelewa: kete yako utaicheza, na ya mpinzani utaila kama kuna njia halali ya kuila.

Nilijaribu kumaliza hamu mapema kwa kuwazungusha farasi wangu kabla ya saa kuwashwa, nikiwashika kichwani. Hapo nilikosea. Farasi mwenye uzito kitakoni ukimzungusha kwa kichwa hazunguki palepale. Kidole gumba kinamsukuma na kitako kinahama. Kitako cha sentimita 4 kwenye mraba wa sentimita 5.5 kinabakiza milimita 7 tu hivi kila upande, kwa hiyo hata msogeo mdogo jicho linauona. Unamrudisha, uso unapinda. Unageuza uso, kitako kinahama tena. Na kitambaa cha chini kinaanza kubanduka pembeni, halafu kete inayumba.

Dawa ni kushika chini. Kidole gumba na cha shahada vikae juu kidogo ya kitako, mgeuze farasi angali hewani, kisha mtue mara moja katikati. Nafanya hivyo kwa kete zote 16, askari nikiwaweka mwisho, maana ukiwatanguliza utawaangusha ukipeleka mkono nyuma yao. Kabla ya yote natazama mraba wa pembe ya kulia ya ubao, upande wangu: lazima uwe mweupe.

Ushikaji huohuo nauendeleza mchezo mzima, na kete zangu hazihitaji tena kunyooshwa. Kwenye kumfungia mfalme ngomeni, yaani kusogeza mfalme na ngome katika zamu moja, naanza na mfalme, mkono mmoja. Ukianza na ngome kwa kupenda kuipanga vizuri, upande huo hufungi tena.

Farasi wa mpinzani je? Najiuliza swali moja: mraba wake unajulikana? Ukijulikana, abaki alivyo hata akinitazama kisogo. Akiwa amekanyaga mstari kati ya miraba miwili, nangoja zamu yangu, natamka kwa sauti ya kusikika, namsogeza kwa kitako, naachia. Uso wake siugeuzi.