Darasa la Dodoma lisisubiri mitambo ya Ulaya

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma. Wiki hii nimeudhika. Kwenye kundi letu la WhatsApp mhadhiri mmoja wa huko nyumbani kaandika: "Ninyi wa Uingereza mna kila kitu. Nasi tukipata mitambo hiyo ndipo tutafundisha kidijitali." Wengi wakamuunga mkono, na hapo ndipo nilipoumia, maana wanaolipia subira hiyo ni wanafunzi.

Ni kweli, huku kamera zimefungwa darini na mhadhara unajirekodi. Lakini mfumo ambao vyuo vingi vya huku hutunzia masomo ni Moodle, ambao hata kwetu upo. Martin Dougiamas wa Australia aliutoa mwaka 2002, na programu yake ni ya bure, iwe Leeds huku au Chimwaga huko Dodoma. Na kumbi zenye mitambo ya gharama, ambamo saa nzima hakuna anayeulizwa swali, huku zipo tele.

Shida ya kwanza ni bando. Saa moja ya video ya 1080p, yaani yenye picha kali, kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, inapita GB 1. Mwanafunzi aliyepanga chumba Ng'ong'ona haifungui, kisha anaitwa mvivu. Ipitishe kwenye HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video, nayo ni ya bure: 480p, yaani picha hafifu kidogo, picha kilobiti 400 kwa sekunde, sauti kilobiti 48. Kipande cha dakika 10 kitatoka na MB 34 hivi. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 ni kama MB 14 kwa saa nzima. Kila kipande kibebe dhana moja, na slaidi ziwekwe kando kama PDF, kwa sababu maandishi madogo hayasomeki kwenye 480p.

Picha hafifu mtu huivumilia, sauti mbovu anaizima. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti mnaujua, kwa hiyo kaa mbali na dirisha. Chumba kidogo chenye mapazia na godoro kinatosha, na maikrofoni ya kubana kwenye shati ikae shubiri moja chini ya kidevu. Rekodi sekunde 30, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uendelee.

Lakini hata video safi haijamfundisha mtu kama hajaulizwa kitu. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Basi weka maswali matatu ya kuchagua jibu kwenye Moodle kila wiki. Kila jibu la uongo liwe kosa ambalo wanafunzi wako hulifanya kweli, na chini yake andika kwa nini ni kosa. Kisha ruhusu jaribio hilo la maswali lifanyike bila mtandao kupitia programu ya Moodle ya simu: mwanafunzi analipakua chuoni penye waifai, anajibu akiwa kwake, majibu yanapanda akirudi. Wengi hukwama hapa kwa sababu wameweka kikomo cha muda, au wamelazimisha maswali yajibiwe kwa mfuatano. Ukiweka kimoja kati ya hivyo, njia ya nje ya mtandao inajifunga. Maoni nayo lazima yawe ya kuonekana baada ya kukabidhi jaribio zima.

Ukumbini kwenye watu 300, fuata mtindo wa Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia wa Harvard, aliyeuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uliza swali, wanyanyue karatasi za rangi kwa A, B, C au D. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakizidi 70, songa mbele. Wakiwa katikati, kila mmoja abishane na jirani yake dakika mbili, kisha wapige kura tena. Umeme ukikatika, karatasi hazizimiki.

Nanyi mnaojaza fomu za kuja kusoma huku, zoeeni Moodle mkiwa bado nyumbani. Kazi ikitakiwa 12:00 mchana, hiyo ni saa sita yetu. Usisome "12" ukangoja jioni. Mara nyingi dakika chache tu za kuchelewa hukatwa alama.

Penye intaneti ya kusuasua ipo MoodleBox, yaani Moodle inayoendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kutoa waifai yake yenyewe, hivyo wanafunzi wanapakua bila bando. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ya kawaida haiibebi, itakuwa inajizima na kujiwasha. Kadi yake ya kumbukumbu huharibika umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo iunganishe Raspberry Pi na pawabanki yenye nguvu hiyo, na nakala ya kadi iwe kabatini.