Mwaka mmoja nje ya kazi: hesabu kabla ya barua

Anayepanga kupumzika kazi mwaka mzima huanza na akiba: nina shilingi ngapi? Swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: mwajiri alikuwa ananifanyia nini ambacho sijawahi kukifanya mwenyewe? Chukua salari slipu ya mwezi uliopita uisome sehemu ya makato, mstari kwa mstari. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mshahara), Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, bima ya afya, mkopo wa benki, pengine na SACCOS. Kila mstari ni shughuli iliyokuwa ikifanyika kila mwezi bila wewe hata kujua foleni yake iko wapi. Mshahara ukikatika, baadhi ya shughuli hizo zinakufa na nyingine zinahamia kwako.

Tuchukue mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania mwenye mshahara wa Sh 1,500,000. NSSF ni asilimia 10 yake, Sh 150,000, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kinachobaki kutozwa kodi ni 1,350,000, na PAYE yake ni 233,000. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 225,000. Mkononi inafika 892,000, kabla ya bima na mkopo wa benki. Kwa hiyo anayezidisha milioni moja na nusu mara kumi na mbili anajitisha bure. Lakini anayezidisha 892,000 naye anakosea, maana hiyo ndiyo inayoingia, siyo inayotoka.

Inayotoka iko kwenye taarifa ya benki na taarifa ya miamala ya simu. Toa ya miezi mitatu, na Januari iwe mojawapo. Ukichukua Septemba hadi Novemba utajidanganya: hakuna ada ya shule, hakuna sare, hakuna nauli za kurudi kutoka kijijini. Gawa miamala kwenye mafungu mawili tu, inayojirudia na isiyojirudia. Michango ya harusi na misiba iweke kwenye inayojirudia. Kila harusi ni ya mara moja, lakini kadi haziishi.

Tuseme imetoka 850,000 kwa mwezi. Usizidishe kwa 12, zidisha kwa 15: Sh 12,750,000. Miezi mitatu ya ziada si anasa. Usaili huchelewa, mkataba huchelewa, na hata ukianza kazi tarehe 1, mshahara wa kwanza unauona mwisho wa mwezi. Wengi wanaorudi kazini mwezi wa nane au wa tisa wa mapumziko hawakuchoka kupumzika. Walihesabu miezi 12 wakasahau ule wa kusubiri.

Fedha hiyo isikae yote kwenye akaunti yenye kadi. Ya miezi miwili ibaki benki. Iliyobaki ikae mahali inapotoka kwa siku chache bila adhabu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, hulipa ndani ya siku 3 za kazi, na kuchelewa huko kudogo kunazuia manunuzi mengi ya usiku. Hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ya miaka 20 au 25 ni kitu kizuri, ila si kwa fedha utakayoila mwaka huuhuu. Kodi ya nyumba, kama mwenye nyumba anataka ya miezi sita, ilipe kabla hujaacha kazi, na upange mkataba uishe baada ya mwezi unaotarajia kurudi kazini. Kujadiliana kodi huku huna barua ya ajira ni kazi ngumu.

Sasa madeni. Mkopo wa mshahara ndio unaovunja mipango mingi. Benki ilikukopesha kwa sababu mshahara unapita kwake. Usipopita, marejesho yanakuwa juu yako. Bima ya mkopo kwa kawaida inagusa kifo na ulemavu wa kudumu, haigusi mtu aliyeamua mwenyewe kuacha. Kama bado unadaiwa miezi 30, maoni yangu ni kwamba huu si mwaka wako. Maliza kwanza, na topu-apu, ile ya kuongeza mkopo juu ya mkopo, usiiguse. Deni la Bodi ya Mikopo ni tofauti kidogo: ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani. Aliyejiajiri hulipa kuanzia Sh 100,000 kwa mwezi, kwa namba ya malipo anayoiomba mwenyewe. Ukiwa na kibarua chochote pembeni, iweke kwenye bajeti.

NSSF watu huiogopa kuliko inavyostahili. Kwa kanuni ya pensheni iliyoanza 2022, kila mwezi uliochangia unahesabiwa kama 1/580 ya wastani wa mshahara wako bora. Miezi 12 kwa mshahara wa 1,500,000 ni kama Sh 31,000 za pensheni kamili kwa mwezi, kabla ya kutoa mkupuo, ile sehemu inayolipwa yote mara moja unapostaafu. Inauma, haiui. Cha kuangalia ni kama uko karibu na miezi 180, kiwango cha chini cha kupata pensheni. Fao la kukosa ajira, lile la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, usiliweke kwenye hesabu kabisa. Halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari.

Bima ya afya hukatika kimya kimya. Kadi bado iko kwenye pochi, picha yako ipo, lakini dirishani mfumo unakataa, na kwa kawaida unagundua usiku ukiwa na mtoto mwenye homa. Uliza ofisi ya rasilimali watu tarehe halisi ya mwisho, kisha nunua kifurushi binafsi mapema, kwa kuwa vifurushi vingi vina muda wa kusubiri kabla ya huduma kama uzazi na upasuaji. Miwani, meno na vipimo ulivyokuwa ukiahirisha vimalize wakati kadi ya kazini inafanya kazi.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha, andika nyingine kwanza: ya kuomba likizo bila malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikupi haki ya mwaka mzima, ni makubaliano tu, lakini jibu baya kabisa ni hapana. Wakikubali, karatasi itaje tarehe ya kurudi, cheo utakachorudia, nani analipa bima, na kama michango ya NSSF inasimama. "Tutaongea ukirudi" si makubaliano. Meneja aliyekuahidi anaweza kuwa ameondoka kabla yako.

Ikiwa ni kuacha, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 au zaidi kadiri mkataba unavyosema. Hapa kuna kosa linalojirudia: mtu anachukua likizo yake ya mwaka, halafu akiwa kijijini anatuma barua ya kuacha kwa barua pepe, akidhani likizo italiwa na notisi. Sheria inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba nayo. Rudi kwanza, ndipo uandike. Na ukisusa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri ana haki ya kukata fedha hiyo kwenye stahiki zako.

Stahiki zenyewe zidai kwa maandishi: mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuichukua, na ya mzunguko wa likizo ambao haujakamilika, inayohesabiwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka hulipwa mwajiri anapoachisha, kwa hiyo usikitegemee. Omba cheti cha utumishi kabla ya kurudisha laptop, kwa sababu baada ya hapo wewe ni mgeni pale getini. Wakikuzungusha kwenye malipo, CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, inapokea malalamiko ya namna hii ndani ya siku 60. Siku hizo hupita haraka kwa mtu aliye mapumzikoni.

Fedha ikishapangwa, bado kuna kitu cha pili ambacho kazi ilikuwa inakufanyia: ilikuwa inakukingia muda. "Niko kazini" ni jibu ambalo hakuna ndugu anayelijadili. Ukiliondoa bila kuweka jingine, ndani ya wiki tatu utakuwa msimamizi wa ujenzi wa kaka, dereva wa hospitali, mlezi wa watoto wa mtaa mzima, na mtunza hazina wa kamati mbili za harusi. Si ubaya wao. Kwao, mtu aliye nyumbani yupo yupo tu. Na ukisema unapumzika, utaulizwa unaumwa nini.

Kinachosaidia ni kutoa siku badala ya kukataa. Chagua siku moja ya wiki iwe ya familia, kisha ujibu kila ombi kwa kuitaja. Kwa mfano: "Shikamoo shangazi. Pole na mguu. Alhamisi nitakuja asubuhi nikupeleke kliniki, siku nyingine nina ratiba." Huna haja ya kueleza ratiba ni ya nini. Dharura itavunja utaratibu huo, na ivunje, ila zege la kaka si dharura. Michango nayo iwekee dari ya mwezi, na ikifika, jina lako liandikwe kwenye ahadi ya mwezi ujao.

Wiki nne hadi sita za mwanzo usipange chochote cha maana. Mwili utalala, utaamka saa kumi na moja kwa mazoea, utashika simu kutafuta barua pepe za kazini. Kozi inayoanzishwa wiki ya pili mara nyingi huachwa njiani.

Leseni ya taaluma haina mapumziko. Uwakili, uhasibu, uhandisi na uuguzi vyote vina ada au pointi za mafunzo, na kufufua leseni ni kazi kubwa kuliko kuilipia. Maombi ya kazi yaanze mwezi wa tisa wa mapumziko. Kwenye wasifu liandike pengo wazi, tarehe kwa tarehe, "Mapumziko ya kazi", na mstari mmoja wa ulichokifanya. Pengo lililofichwa kwa kunyoosha miaka huumbuka mwajiri mpya anapopigia simu wa zamani.

Ukipata kazi, toa namba yako ileile ya NSSF. Wapo wanaojaza fomu upya wakapewa namba ya pili, na michango ikagawanyika mara mbili. Kipindi cha majaribio kazini kinaweza kufika miezi 12, na miezi sita ya kwanza hujafikisha sifa ya likizo ya kulipwa. Salari slipu ya kwanza isome sehemu ya makato, mstari kwa mstari, uone kila kitu kimerudi mahali pake.