Jinsi Nilivyoitambua na Kuibadilisha Beringi Iliyochoka ya Gurudumu la Mbele

Beringi ya gurudumu, yaani ringi mbili zenye gololi au rola katikati zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa ulaini, inapoanza kuchoka haitoi mlio unaojieleza wenyewe. Katika gari langu ulianza mvumo wa chini uliosikika kuanzia kilomita 50 hivi kwa saa, ukapanda kadiri kasi ilivyopanda na kufifia nilipopunguza mwendo, na mtu yeyote aliyekaa ndani angeapa kwamba ni tairi zilizolika vibaya. Kwa kuwa beringi ya kushindiliwa kwa presi (mashine ya kusukumia vyuma kwa nguvu) ikishatolewa haifai kurudishwa, hata kama ilikuwa nzima, niliamua kwamba sitashika spana kabla sijapata ushahidi wa mkono, si wa sikio peke yake.

Kwanza nilitaka kutenganisha mlio wa gurudumu na mlio wa injini. Katika barabara iliyonyooka na isiyo na magari nilikanyaga klachi na kuweka gia huru. Mzunguko wa injini ukashuka, lakini mvumo ukabaki vilevile, ukifuata kasi ya gari tu. Injini ikawa imetoka katika orodha. Zikafuata tairi. Tairi hubadili sauti kulingana na uso wa barabara, kwa hiyo lami laini huwa na sauti yake na lami yenye kokoto huwa na yake, ilhali mvumo wa beringi haujali kilichopo chini. Wangu haukujali. Hata hivyo nilizihamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, kila moja ikibaki upande wake, na mvumo ukaendelea kutoka mbele kama kawaida.

Kuhusu upande, nilitumia kanuni ambayo mafundi wengi huitegemea: gari linapokata kona kwenda kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu iliyobebeshwa mzigo hulalamika zaidi. Nilipougeuza usukani kidogo kwenda kulia, mvumo uliongezeka ukawa mngurumo. Nilipougeuza kwenda kushoto, ulinyamaza karibu kabisa. Gurudumu la kushoto ndilo likawa mshukiwa. Nasema mshukiwa kwa makusudi, kwa sababu beringi nyingi za siku hizi zina safu mbili za gololi, na kutegemea ni safu ipi iliyoharibika, mlio unaweza kuongezeka katika kona usiyoitarajia. Isitoshe, bodi la gari husafirisha sauti, na wapo watu waliobadilisha beringi ya mbele wakati mbovu ilikuwa ya nyuma.

Ushahidi wa mkono ulipatikana gari likiwa juu. Niliweka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, nikainua upande wa mbele kwa jeki na kuuegemeza juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu anayeingiza mikono chini ya gari. Nikashika tairi juu na chini na kulitikisa, mkono mmoja ukisukuma huku mwingine ukivuta. Gurudumu lilicheza kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa tu. Kuchezacheza huko kunaweza kutoka kwenye boljointi pia (kiungo cha tufe kinachoshika gurudumu na kuliruhusu kugeuka), kwa hiyo nilimwomba msaidizi akanyage breki huku nikiendelea kulitikisa, nalo likatulia kabisa. Breki hufunga habu (kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake) na sehemu inayoishikilia zikawa kitu kimoja. Kulegea kunakotoweka wakati huo ni kwa beringi, na kunakobaki kunapaswa kutafutwa kwenye boljointi na viungo vingine. Kama gurudumu lingecheza liliposhikwa kushoto na kulia pekee, ningeanza na tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu.

Lakini jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la springi. Niliweka kiganja juu ya springi ya koili na kuzungusha gurudumu polepole kwa mkono wa pili. Upande wa kulia springi ilikuwa kimya. Upande wa kushoto nilihisi mkwaruzo mdogo ukipita kwenye chuma. Beringi inaweza kuvuma muda mrefu kabla haijalegea, na wengi hudanganyika kwa kuwa gurudumu halichezi, wakaiacha, hali mkwaruzo ule tayari upo. Kabla ya hapo kanyagio la breki lilikuwa limeanza kushuka zaidi ya kawaida baada ya kona kali. Nalo lina maelezo: habu iliyolegea huyumbisha diski, diski husukuma pedi nyuma, na kanyagio hulazimika kusafiri zaidi ili kuzirudisha.

Kabla ya kununua kifaa nilihakikisha gari langu linatumia beringi ya aina gani. Magari mengi huja na habu kamili inayofungwa kwa bolti, na kazi yake ni nyepesi. Baadhi ya magari ya zamani yana beringi mbili za rola zilizochongoka, ambazo hukazwa kwa kipimo na kutiwa grisi upya. Langu lilikuwa na ile inayoshindiliwa ndani ya naki, yaani mkono wa chuma unaoshika habu na kugeuka pamoja na usukani. Hiyo huhitaji presi.

Nati kubwa ya katikati, iliyo kwenye ncha ya shafti inayozungusha gurudumu, niliilegeza gari likiwa bado chini, breki zikiwa zimekanyagwa, maana hukazwa kwa nguvu kubwa, na juu ya stendi si mahali pa kuivutia spana ndefu. Baada ya hapo gari halikusogezwa tena. Kufungua kuliendelea bila mambo mengi: nilitoa kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na kuitundika kwa waya ili uzito usivute mpira wa breki, nikaondoa diski, nikachomoa taratibu sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga breki inapokanyagwa), nikatenganisha tairodi, boljointi na bolti za shokapu, na naki ikatoka na habu yake.

Kwenye presi habu ilitoka kwa kishindo, na kama inavyotokea mara nyingi, nusu ya ringi ya ndani ilibaki imeganda juu yake. Niliikata kwa grainda hadi karibu kufika chini, bila kugusa habu yenyewe, kisha nikaipasua kwa patasi. Miwani ya kinga si ya hiari hapa, kwa kuwa chuma kilichokomazwa huruka vipande. Klipu ya duara inayoizuia beringi ilitolewa kwa koleo lake, na ringi ya nje ikasukumwa nje. Nikasafisha tundu la naki hadi likang'aa, na uso wa habu vilevile, kwa sababu kutu ikibaki hapo diski hukaa upande na breki hutetemeka.

Kuingiza beringi mpya ndiko kunakoamua kama kazi itadumu. Kanuni ni moja: nguvu ya presi isipite kwenye gololi hata kidogo. Beringi inapoingia kwenye naki, kinachosukumwa ni ringi ya nje. Habu inapoingia kwenye beringi, kinachoegemezwa kwa chini ni ringi ya ndani. Ukikosea mpangilio huo, gololi huacha vishimo vidogo kwenye njia yake, na beringi mpya huanza kuvuma ndani ya muda mfupi, kisha lawama humwangukia aliyeitengeneza. Kusukumia ringi ya nje nilitumia ile kuukuu niliyoipunguza kidogo kwa grainda ili isikwame, na kuegemezea ringi ya ndani nikatumia kipande cha bomba nene chenye kipenyo kinacholingana nayo.

Jambo jingine ni mwelekeo. Beringi yangu ilikuwa na ringi ya sumaku ndani ya sili (kizibo cha kuzuia maji na vumbi) ya upande mmoja, nayo ndiyo inayosomwa na sensa ya ABS. Kwa macho pande zote mbili hufanana, lakini klipu ya chuma ya kubania karatasi ilivutwa kidogo upande mmoja, na upande huo ndio nilioelekeza kwenye sensa. Ukiwekwa kinyume, taa ya ABS huwaka, na njia ya kusahihisha ni kununua beringi nyingine.

Nati nilifunga mpya, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo huwa ni Nm (nyutoni mita) 200 hadi 300, ingawa kila gari lina chake. Sikutumia mashine ya kufungia, kwa sababu nati hiyo ndiyo inayobana nusu mbili za ringi ya ndani: ikilegea beringi huchezacheza, ikizidi hupata joto. Kwa sababu hiyo hiyo gurudumu halikubebeshwa uzito wa gari kabla nati haijakazwa vya kutosha. Kabla ya kuondoka nilikanyaga breki hadi kanyagio likawa gumu, na barabarani kukawa na sauti ya tairi tu, ikibadilika na lami.

Beringi kuukuu niliichunguza baadaye. Grisi ya upande wa nje ilikuwa imegeuka rangi ya kutu, sili yake ikiwa imechanika ukingoni, na njia ya gololi ilikuwa imemenyeka sehemu moja. Kwa maoni yangu maji ndiyo yaliyoiua, wala si umri. Ndiyo maana sikuibadilisha ya kulia: sili zake ni nzima, springi yake ni kimya, na naijaribu kwa kiganja kila ninapotoa gurudumu kwa ajili ya breki.