Kanzu ndogo ya Samweli

Bwana asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 1 Samweli 2:18-21, na ningependa tukae zaidi kwenye mstari wa 19. Hana, aliyekuwa amemtoa mwanawe Samweli amtumikie Bwana, alikuwa akimshonea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, alipopanda na mumewe kwenda kutoa dhabihu. Machozi ya Hana tunayahubiri sana, na nadhiri yake pia. Hiyo kanzu huwa tunaipita. Lakini hebu fikiria kazi iliyokuwamo. Mtoto yuko Shilo, mama yuko Rama, na mtoto anakua. Hana anakaa na kitambaa chake akikadiria: mabega yamefika wapi sasa? Mikono imerefuka kiasi gani? Hakumpelekea mwanawe kanzu ya mwaka jana akamwambia ajibane humo. Kila mwaka alishona nyingine.

Tena tazama mstari wa 21. Baada ya Samweli, Hana alizaa wana watatu na mabinti wawili. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akipima mabega ya mtoto naye mwili wake ulikuwa ukibadilika, mimba baada ya mimba, na Biblia inaiita hali hiyo kuangaliwa na Bwana.

Nimeandika haya kwa ajili ya maneno ninayoyasikia mara kwa mara dada zetu wakiongea baada ya ibada. "Nikipungua nitashona." "Acha kwanza nipate mwili kidogo, ndipo nitavaa rangi." Mama amejifungua, mtoto anakaribia kutembea, naye bado anajifunika khanga juu ya nguo zilizombana kwa sababu hataki kushona za mwili huu. Jamani, mwili wa leo ndio unaobeba mtoto mgongoni, ndio unaopiga magoti kuomba. Unastahili nguo leo.

Najua maneno hayo hayakuanzia kabatini. Hapa Uganda mwili umebebeshwa mengi. UKIMWI ulipoonekana kule Kasensero, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Tangu hapo mtu mwembamba akawa mtu wa kushukiwa, na hata sasa yuko dada anayevaa sweta kwenye jua la Kampala ili watu wasimuulize kama anaumwa. Mwenye mwili naye hakuachwa. Februari 2019 waziri mdogo wa utalii alisimama kunadi shindano la Miss Curvy, akasema maumbo ya wanawake wetu yawe kivutio cha watalii. Wanawake wengi walikasirika, na walikuwa na haki kabisa. Miaka mitano kabla ya hapo ilitiwa saini sheria ya kupinga ponografia, watu wakaipa jina la sheria ya vimini, na kuna wanawake waliovuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume waliojifanya walinzi wa maadili. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo Agosti 2021. Aibu waliyovikwa wale dada haifutwi na hukumu.

Mungu alifanya vingine. Adamu na Hawa walipoona haya, "BWANA Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika" (Mwanzo 3:21). Yeye mwenyewe aliwatengenezea, kisha akawavika. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema kwamba kutafuta nguo inayokupendeza ni mambo ya dunia. Wengine hunijibu kwa 1 Timotheo 2:9. Vema, tuusome wote. Paulo anataka mavazi ya kujisitiri na moyo wa kiasi, halafu anataja dhahabu, lulu na nguo za thamani. Sisi makanisani tumekuwa wepesi kukagua nyonga za wasichana, huku bei ya suti za waliokaa viti vya mbele haiulizwi na mtu.

Basi ukienda kwa fundi, mwache akupime upya. Usimpe vipimo vya miaka iliyopita, wala usivute tumbo ndani anapozungusha tepu kiunoni. Ukitafuta mivumba, yaani mitumba, pale soko la Owino, angalia mabega kwanza: mshono wa bega ukikaa penye mfupa wako, mengine yanarekebishika. Kiuno hupunguzwa na pindo hupandishwa bila shida, lakini bega lililopwaya ni kazi ngumu. Geuza nguo uone kama ndani ya mishono kuna kitambaa cha akiba, kwa kuwa hicho ndicho fundi atakachoachia ukinenepa. Shingo yenye umbo la V hurefusha shingo fupi. Mwenye kifua kikubwa asikubali vifungo vinavyoachana. Aongezewe nafasi pale pale kifuani badala ya kununua gauni kubwa linalompwaya kila mahali.

Na gomesi, gauni letu la heshima! Mabega yamechongoka, vifungo viwili vimekaa upande wa kushoto, mkanda mpana umefungwa chini ya kiuno, na ndani kuna kikooyi kinachozuia kitambaa laini kugandamana na mwili. Huweza kula kitambaa cha mita 6. Kwa kuwa linafungwa kwa mkanda, mama mjamzito hulifunga kadiri ya tumbo lake, na mwaka unaofuata hulifunga tena kadiri ya mwili alio nao. Binti mwembamba akilivaa anajaa. Sijui vazi jingine la hapa kwetu linalompokea kila mwanamke namna hiyo.

Nina ombi kwa kamati za harusi. Daudi alivikwa silaha za Sauli, akajaribu kutembea, akazivua, na mfalme hakumlazimisha (1 Samweli 17:38-39). Tunapowachagua wasindikizaji wa bibi harusi, tuwape dada zetu rangi moja na kitambaa kimoja, lakini kila mmoja achague mshono wake na fundi. Mwenye mikono minene akitaka mikono mirefu, apewe. Na asiwepo mtu wa kumwambia binti apunguze kilo ndiyo asimame na rafiki yake siku ya furaha. Kama kitambaa cha ziada kinaongeza gharama, tuchangishane, maana hata keki huwa tunaichangia.

Tuwaombee wiki hii wale waliokonda kwa ugonjwa, na mama waliojifungua mwezi huu. Mkiwatembelea, msianze na habari za miili yao.