Kwa Musa na Haruni, kisiwani Oscarsborg

Tulifika Drøbak na shemeji yangu asubuhi moja ya Aprili, baridi ikiuma masikio. Ni mji mdogo wa nyumba za mbao, kusini mwa Oslo, pale Oslofjord, ghuba ndefu ya bahari iendayo Oslo, inapobanana. Mimi nimekulia Mombasa, nikitazama meli zikiingia Kilindini mbele ya Likoni, na mlango mwembamba wa bahari haujaacha kunivuta tangu utotoni. Kwa hiyo nilipoalikwa Norwe, nilimwomba shemeji jambo moja tu: anipeleke kwenye mizinga ya Oscarsborg, ngome ya kisiwani mbele ya mji huo.

Feri ilituvusha kwa dakika chache. "Shemeji, tazama huko magharibi," aliniambia tulipokuwa juu ya ngome. Niliona maji mapana, matulivu. Kumbe chini yake umelala ukuta wa mawe uliojengwa kati ya 1874 na 1879, na meli kubwa haiwezi kupita juu yake. Meli ya kwenda Oslo haina budi kushika mkondo wa mashariki, mbele kabisa ya mizinga. Niliyatazama maji yale muda mrefu. Wageni wengi huja kupiga picha ngome, lakini kwangu ukuta huo usioonekana ndio akili ya mahali pale.

Mizinga mikubwa ni mitatu, yenye mdomo wa sentimita 28, iliyotengenezwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani na kuletwa 1893. Wanorwe waliiita Moses, Aron na Josva. Kwetu ni Musa, Haruni na Yoshua. Husimuliwa kwamba mmoja ulitumbukia baharini ulipokuwa ukishushwa, ukaopolewa, ndiyo maana ukaitwa Musa, kama yule mtoto aliyeokotwa mtoni. Niliweka kiganja juu ya chuma chake. Kilikuwa baridi kama barafu.

Usiku wa kuamkia 9 Aprili 1940, mizinga hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka hamsini. Kamanda, Kanali Birger Eriksen, alikuwa na miaka 64. Askari wake wengi walikuwa vijana walioingia jeshini siku chache tu kabla, na watu waliojua kazi hawakutosha hata mizinga miwili, ikabidi hata wapishi waitwe. Norwe haikuwa vitani na mtu. Meli zikaja gizani bila taa, naye hakujua ni za nani, wala hakuwa na amri ya wazi kutoka juu. Kupakia mzinga upya kulichukua dakika kadhaa, kwa hiyo kila mmoja ungepata risasi moja tu. Eriksen alisema ama atavishwa nishani, ama atafikishwa mahakama ya kijeshi. Kisha akaamuru wapige.

Ilikuwa saa 10:21 alfajiri. Umbali haukufika kilomita mbili. Makombora yote mawili, la Musa na la Haruni, yaliipata Blücher, meli mpya ya kivita ya Ujerumani, ikashika moto. Halafu, kutoka pangoni katika kisiwa jirani, zikatoka topido, makombora yaendayo chini ya maji, za umri wa miaka kama arobaini. Wajerumani hawakujua kwamba zipo. Saa 12:22 asubuhi Blücher ilizama, na mamia ya vijana wakafa katika maji yale ya baridi na mafuta yanayowaka. Niliposimama ufukweni niliwafikiria nao pia.

Oslo ilitekwa siku ileile, kwa askari walioletwa na ndege, na ngome ikasalimu amri kesho yake. Lakini saa chache zilikuwa zimepatikana. Saa 1:23 asubuhi Mfalme Haakon wa Saba, serikali na wabunge waliondoka mjini kwa treni, na dhahabu ya benki kuu ikatoroshwa. Mfalme hakukamatwa. Aliendelea kupinga akiwa London, akarudi nyumbani 1945. Mimi naona yote hayo yalimtegemea mzee mmoja gizani, aliyekubali kubeba lawama peke yake.

Alasiri, tukingoja feri, ilipita meli kubwa ya abiria kutoka Oslo, iendayo Kiel, Ujerumani. Ilikuwa imepita karibu na pale Blücher ilipolala. Sasa ilishuka polepole katika mkondo wa mashariki, mbele ya Musa na Haruni, watoto wakitupungia mikono kutoka juu. Shemeji aliwapungia. Nami nikapunga mpaka ikatokomea.